Mahali pa Kuchota Udongo: Haki ndani ya Kozi ya Kemia

Kila mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza hukutana na betri ya gari. Huandika kwamba risasi kwenye bamba moja na oksidi ya risasi kwenye bamba la pili humenyuka na asidi ya salfuriki, mabamba yote mawili hugeuka salfeti ya risasi, na asidi huzimuka. Husawazisha mlinganyo, Pb + PbO2 + 2H2SO4 → 2PbSO4 + 2H2O, hukokotoa volti 2 kwa kila seli, hupanga seli sita apate volti 12, na hupewa alama zake. Mlinganyo huo ni sahihi na unastahili kujulikana. Lakini betri haiishii pale mlinganyo unapoishia. Baada ya miaka michache salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizokubali kurudi kuwa risasi, betri haishiki chaji, na mwenye gari huiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kuanzia hapo inaanza kemia ambayo mtihani hauiulizi.

Betri huvunjwa. Asidi humwagwa. Ule utope wa salfeti na oksidi hutiwa tanuruni pamoja na makaa ili kaboni iondoe oksijeni. Risasi yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, ila kuivunja salfeti kunataka moto wa karibu nyuzi 1,000, na kwa joto hilo sehemu ya risasi na ya oksidi yake hupanda kama mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa ya nje huganda kuwa chembe laini mno, na chembe hizo huvuka ukuta, hutua juu ya mabati, huingia kwenye pipa la maji ya mvua, hukaa uani anakotambaa mtoto.

Kati ya 2007 na 2014 kiwanda cha aina hiyo kilifanya kazi kando kabisa ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 upande wa Mikindani, Mombasa. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka 2009, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaacha kazi, akaanza kudai kiwanda kifungwe. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wakazi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ya fidia mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha.

Nimefundisha kemia ya uchambuzi kwa muda wa kutosha kujua jinsi kisa kama hiki kinavyoingizwa darasani pale kinapoingizwa. Huwekwa wiki ya mwisho ya muhula, baada ya mada zote "za kweli" kumalizika. Mhadhiri huonyesha picha za watoto, darasa hunyamaza, kisha wote huenda kujisomea mtihani ambao hautauliza lolote kuhusu picha zile. Siamini kwamba hayo ni mafundisho ya haki. Haki ya kijamii na ya mazingira haina haja ya kuletwa kwenye kozi ya kemia kutoka nje, kwa sababu imo tayari ndani ya maamuzi ya kila siku ya maabara: udongo uchotwe wapi, upite kwenye chekeche gani, neno "haikugunduliwa" lina maana gani, na kiwango kinachoruhusiwa kiliwekwa na nani. Asiyeyafundisha hayo ameacha sehemu kubwa ya kemia yenyewe bila kuifundisha.

Tuuchukue udongo kwanza, maana ndipo jambo linapoonekana wazi zaidi. Ioni za risasi hazisafiri mbali ardhini. Hung'ang'ania mboji, udongo wa mfinyanzi, oksidi za chuma na fosfeti, na ndiyo sababu risasi iliyotua miaka kumi iliyopita bado iko kwenye sentimita chache za juu. Sasa mpe mwanafunzi mfano wa darasani. Sentimita 3 za juu zina miligramu 2,000 za risasi kwa kila kilo ya udongo, na chini yake ni safi. Mkaguzi anachimba hadi sentimita 30, anachanganya udongo wote kwenye ndoo moja, anapima. Anapata miligramu 200. Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 kwa kilo kama kiwango cha tahadhari kwa udongo wa mahali watoto wanapocheza, kwa hiyo kwa kipimo hicho uwanja huu umepita. Kifaa kimesawazishwa vizuri, taarifa haina kosa la hesabu, sahihi ya mkemia iko chini yake. Ila mtoto hali udongo wa sentimita 30. Anachogusa kwa kiganja na kukitia mdomoni ni zile sentimita 2 au 3 za juu.

Kisha kuna chekeche. Chembe zinazonata kwenye kiganja chenye jasho ni zile laini, zilizo chini ya mikromita 150 hivi, na kwa kawaida hizo ndizo zenye risasi nyingi zaidi kwa kila gramu, kwa kuwa eneo la uso wake ni kubwa. Ukisaga na kupima udongo mzima pamoja na kokoto zake, namba inashuka. Ukichekecha kwanza na kupima vumbi, namba inapanda. Zote mbili ni kweli. Tofauti ni kwamba moja inajibu swali la mtu anayetaka kujenga ghala juu ya uwanja ule, na nyingine inajibu swali la mama. Mwanafunzi anapochagua chekeche, ameshachagua anamjibu nani, ajue asijue. Ningependa ajue.

Na wakati nao ni sehemu ya sampuli. Hewa ikipimwa siku ambayo tanuru limezimwa, matokeo yatakuwa mazuri. Mkaguzi aliyetoa taarifa kabla ya kufika hupata siku kama hiyo. Hakuna kitabu cha kemia ya uchambuzi nilichokitumia darasani kisichokuwa na sura ya sampuli wakilishi, na karibu vyote vinatoa mfano wa shehena ya madini au tangi la maziwa. Ni mifano mizuri. Tatizo lake ni kwamba shehena ya madini haina mmiliki anayetaka sampuli ichotwe upande fulani na jirani anayetaka ichotwe upande wa pili.

Mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa, watafiti walipima damu ya watoto wadogo wa Owino Uhuru na ya watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa Mombasa uliochaguliwa kwa kulinganishia. Wastani wa kijiometri ulikuwa mikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita ya damu Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Ninazipenda namba hizi mbili kwa ajili ya kufundishia kwa sababu kila moja ina somo zima ndani yake.

Kwanza, kwa nini wastani wa kijiometri? Kwa sababu risasi ndani ya jamii haijigawi kwa usawa: wengi wana kiasi cha wastani na wachache wana kiasi kikubwa mno, na wastani wa kawaida ungevutwa na hao wachache. Mwanafunzi ajifunze hesabu hiyo, kisha aulizwe inaficha nini. Inaficha wale wachache. Daktari anayetafuta mtoto wa kutibiwa leo hahitaji wastani wa aina yoyote, anahitaji orodha.

Pili, risasi iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban mwezi mmoja kama hakuna nyingine inayoingia. Huu ni mmenyuko wa daraja la kwanza, uleule wa kitabu cha kinetiki. Miezi 12 ni nusu ya nusu mara 12, yaani inabaki sehemu 1 kati ya 4,096. Ikiwa chanzo kilikuwa moshi pekee na moshi ulikoma 2014, damu ya 2015 ilipaswa kuwa karibu safi. Haikuwa. Kwa hiyo risasi inatoka kwingine: udongo na vumbi ambavyo havikufungwa pamoja na kiwanda, au mifupa, ambamo risasi hujificha miaka mingi ikijifanya kalsiamu na kurudi polepole kwenye damu. Mwanafunzi anayefanya hesabu hii kwa mkono wake anaelewa kwamba kulizima tanuru hakumalizi kesi. Hahitaji kuambiwa na mwanaharakati, kinetiki imemwambia.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, utazame ule mtaa wa kulinganishia. Nchini Marekani tangu 2021 kiwango cha rejea kwa watoto ni mikrogramu 3.5 kwa desilita, ambacho ni mpaka wa asilimia 2.5 ya watoto wao wenye risasi nyingi zaidi. Wastani wa Bangladesh, mtaa ambao katika utafiti huu unasimama mahali pa "hali ya kawaida", uko juu ya mpaka huo. Tukisema Owino Uhuru ina mara mbili ya kawaida tumesema kweli, na hapohapo tumeikubali kawaida ambayo isingekubalika kwa mtoto wa kwingine. Kuchagua kilinganishi ni kazi ya kitaalamu kabisa. Ni kazi ya haki vilevile, na sioni namna ya kuzitenganisha.

Kiwango chenyewe kina historia. Mwaka 1991 Wamarekani walikiweka kuwa 10, mwaka 2012 wakakishusha hadi 5, mwaka 2021 hadi 3.5. Mtoto mwenye 7 alihesabiwa mzima mwaka 2011 na mwenye tatizo mwaka 2013, na hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Zipige hizo mikrogramu 3.5 kwa damu ya mtoto wa miaka miwili, lita moja hivi, zigawe kwa 207.2, zidisha kwa namba ya Avogadro: unapata atomi za risasi kama 1 ikifuatwa na sufuri 17, ndani ya damu ya mtoto aliye mpakani. Hesabu ya moli haijawahi kupata mfano bora kuliko huu, na hakuna anayeisahau.

Kuna wakati kiwango kinawekwa na uwezo wa mfuko. Maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na meno ya kahawia ya watu wa huko yanafahamika kote Tanzania. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania miaka ya 1970 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, baadaye ikashuka hadi 4, na hatimaye ikafika 1.5. Hakuna aliyeamini kwamba mifupa ya Mtanzania inastahimili floraidi kuliko mifupa ya watu wengine. Kuyafunga mabomba yote yaliyozidi 1.5 kungewaacha watu bila maji kabisa, na viongozi walichagua. Inawezekana walichagua vizuri. Ninachotaka ni mwanafunzi aione namba 8 na kutambua kwamba ndani yake mna maamuzi ya bajeti, kisha aweze kuyajadili akiwa na kemia mkononi. Hesabu za kawaida humfikiria mtu mzima anayekunywa lita 2 kwa siku. Mkulima anayelima juani Arumeru anaweza kunywa 4. Kwa maji ya kiwango kilekile dozi yake ni maradufu, kabla hujahesabu chai, na kabla hujahesabu magadi ya kuivishia makande, ambayo nayo yana floraidi.

Kisa cha floraidi ni cha lazima darasani kwa sababu nyingine pia: hakina mkosaji. Wanafunzi wakifundishwa haki ya mazingira kwa visa vya viwanda peke yake, hudhani kazi yote ni kumtafuta mwenye hatia. Volkano haishtakiwi. Swali linabaki kuwa nani anapata maji yaliyosafishwa, na kwa bei gani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa, na kule Nakuru mradi wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki umeutumia pia. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, na hidroksiapatiti iliyobaki hubadilishana ioni: hidroksidi inatoka, floraidi inaingia. Ni mmenyuko uleule unaotokea kwenye jino. Lakini mkaa hujaa, na usipobadilishwa maji yanapita na floraidi yake bila mtu kujua, maana floraidi haina rangi wala harufu. Nani atabadilisha, kwa fedha zipi, na atajuaje siku imefika? Isitoshe, zipo familia ambazo hazitakunywa maji yaliyopita kwenye mifupa isiyojulikana ni ya mnyama gani. Mwanafunzi aliyejifunza mlinganyo wa Langmuir, unaokokotoa mkaa hushika floraidi kiasi gani, bila maswali haya atabuni chujio safi lisilotumiwa na mtu.

Nilitaja neno "haikugunduliwa". Hili linafaa kufundishwa hasa katika vyuo vyetu, kwa sababu vifaa ni vichache. Vyuo vingi havina mashine ya kupima metali kwa ufyonzaji wa atomi, au vinayo na gesi yake imekwisha. Basi wanafunzi hutumia kipimo cha kale: ongeza iodidi ya potasiamu, na risasi ikiwamo utaona unga wa manjano. Waache wafanye. Kisha wakae wakokotoe. Zao la myeyuko wa iodidi ya risasi ni takriban 8 × 10⁻⁹. Ukiwa na iodidi ya moli 0.1 kwa lita, unga hauwezi kuanza kujitenga mpaka risasi ifikie moli 8 × 10⁻⁷ kwa lita, yaani kama mikrogramu 170. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10. Maana yake maji yenye risasi mara 15 ya kiwango yatabaki meupe kwenye bomba la majaribio, na mkemia asiye mwangalifu ataandika kwamba hakuna risasi. Katika hali halisi ni mbaya zaidi, kwa kuwa jicho linahitaji unga mwingi zaidi ya chembe ya kwanza. Zao la myeyuko hufundishwa kila mwaka. Ni mara chache sana linatumiwa kuonyesha jinsi taarifa ya kweli ya maabara inavyoweza kumdhuru anayeiamini.

Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema muda hautoshi. Mifano niliyotoa haiongezi mada hata moja. Kila mmoja unafundisha kilichokuwa kwenye mtaala tangu zamani. Wanasema pia kwamba kemia si siasa, na kwamba mhadhiri akianza kusema nani ameonewa, darasa litageuka jukwaa. Hofu hii naiheshimu zaidi. Jibu langu ni historia ya petroli. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi kwa General Motors, alionyesha kwamba tetraethili ya risasi ikitiwa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi wa mtambo wa kuitengeneza huko New Jersey walianza kuweweseka na kufa. Sumu ya risasi ilikuwa imefahamika kwa karne nyingi. Hata hivyo iliuzwa, na kwa miongo kadhaa vitabu vilifundisha namba ya oktani kama habari ya injini tu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, imekwisha kuiacha. Karne nzima. Kuinyamazia risasi darasani muda wote huo nako kulikuwa uamuzi, na walioulipia ni watoto wa kando ya barabara.

Wapo pia wanaoamini kwamba kemia ya kijani inatosha. Paul Anastas na John Warner walichapisha kanuni zake 12 mwaka 1998, na nazifundisha kwa moyo wote: zuia taka kabla hazijazaliwa, punguza sumu, okoa nishati. Zisome zote 12 kwa makini, hutakuta inayouliza nani anaishi nyuma ya ukuta. Kiwanda kinaweza kupunguza taka zake kwa nusu na nusu iliyobaki ikaangukia nyumba zilezile.

Na kuna suala la mtaalamu mwenyewe aliyeajiriwa. Hajime Hosokawa alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya kampuni ya Chisso huko Minamata, Japani. Mei 1956 hospitali yake ndiyo iliyotoa taarifa rasmi ya ugonjwa usiojulikana. Mwaka 1959 aliwalisha paka maji taka ya mtambo wa asetaldehidi, na Oktoba paka namba 400 akaanza kuonyesha dalili zilezile za wagonjwa. Kampuni ilimzuia kuendelea, na matokeo hayakutangazwa. Maji taka hayo yenye zebaki yaliendelea kumwagwa hadi 1968. Hosokawa alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani. Wanafunzi wangu wengi wataajiriwa viwandani, migodini na kwenye mashirika ya viwango. Wanahitaji kulijadili jambo hili wakiwa na miaka 21, kabla hawajawa na mkopo wa nyumba na mkuu wa idara anayewaambia wasubiri.

Minamata ina mwangwi Geita na Chunya, nchini Tanzania, ambako wachenjuaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki kisha huichoma wazi, mara nyingi karibu na nyumba. Hapa nawaonya wahadhiri wenzangu: somo la haki likifundishwa vibaya humgeuza mchenjuaji kuwa mhalifu. Yeye ndiye wa kwanza kuvuta mvuke ule. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, na chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea hurudisha sehemu kubwa yake. Ni ukenekaji uleule wa maabara ya mwaka wa kwanza. Swali la kumuuliza mwanafunzi ni kwa nini chombo rahisi hivyo hakitumiki, na jibu atalipata kwa kuongea na watu kuhusu muda, bei, na mnunuzi anayengoja pembeni.

Kuongea na watu kunahitaji lugha. Vyuo vyetu hufundisha kemia kwa Kiingereza, na mkazi wa Owino Uhuru anaishi kwa Kiswahili. Nimeona wanafunzi hodari, wanaosawazisha milinganyo ya oksidi bila kusita, wakishindwa kumweleza mama namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara ina maana gani kwa mwanawe, nini kinajulikana na nini bado. Kwa hiyo ripoti ya mwisho ya kozi iwe na sehemu mbili: moja ya kitaalamu, na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwenye uwanja uliopimwa, uliosahihishwa kwa ukali uleule. Tena ufike kwake. Kuna mitaa katika miji yetu ambayo imechimbwa na kila aina ya mtafiti, wakapata shahada zao, na wakazi hawajawahi kuona namba hata moja. Damu isiguswe na wanafunzi wa shahada ya kwanza kabisa. Hiyo inataka vibali na daktari. Udongo, vumbi na takwimu zilizokwisha kuchapishwa vinatosha.

Kuhusu alama, siwapimi wanafunzi kwa hisia zao. Swali langu la mtihani ni kama hili: hii hapa ramani ya mtaa, mahali pa kiwanda, upepo wa kusi na wa kaskazi, visima na shule, fedha zinatosha sampuli tano, utachota wapi, kwa kina gani, na utetee. Mwanafunzi anayeandika maneno makali na kuchota ovyo hufeli. Anayeipeleka sampuli moja mahali ambapo hategemei kukuta kitu, na akaeleza kwa nini anaihitaji, hunifurahisha sana.

Swali gumu kuliko yote ni la kusafisha, maana mahakama iliagiza Owino Uhuru isafishwe pia. Risasi ni elementi. Haiozi, haiungui ikaisha, hakuna kimeng'enya cha kuivunja. Wanafunzi huikumbuka EDTA, waliyoitumia kupima ugumu wa maji, na wanaona kwamba inaishika risasi mara zaidi ya milioni 10 kwa nguvu zaidi kuliko inavyoishika kalsiamu, ndiyo maana hospitali huitoa ikiwa imeshashikamana na kalsiamu, ili isije ikaifyonza kalsiamu ya damu. Ni tiba halisi. Ila mtoto akitoka hospitali akarudi kwenye udongo uleule, risasi inarudi. Huko Zamfara, Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa mwaka 2010 kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu, madaktari walisisitiza vijiji visafishwe kwanza ndipo watibu. Fosfeti inaweza kuongezwa ili risasi igeuke piromofiti isiyoyeyuka kirahisi hata tumboni, lakini kama udongo una aseniki, fosfeti huisukuma nje. Kufunika kwa udongo safi hudumu hadi mtu atakapochimba choo.

Kinachobaki ni kuchimba na kuhamisha. Hekta moja kwa kina cha sentimita 10 ni mita za ujazo 1,000, kama tani 1,500, malori 100 ya tani 15. Darasa huifanya hesabu hiyo upesi. Kisha naleta ramani ya Mombasa na kuuliza malori yaende wapi, na mara nyingi kidole cha kwanza huonyesha dampo la Mwakirunge. Hapo tunaanza upya: maji ya chini ya ardhi yako kina gani, udongo ufungwe na nini, turubai gani juu ya lori, na watu wanaoishi jirani na dampo wataulizwa lini.